Giaboksi Imehukumiwa Kabla Dipstiki Haijachomolewa

Asubuhi, gari otomatiki, injini bado baridi. Unaweka R utoke uani. Siku zote gari hushtuka kidogo, ule mshtuko mwepesi wa gia kushika, kisha linaanza kurudi lenyewe. Leo kimya. Unaachia breki, limekaa palepale. Unakanyaga mafuta kidogo, injini inalia, mshale unapanda, halafu ghafla gari linaruka nyuma kwa kishindo.

Unafika gereji. Boneti haijafunguliwa, jibu limeshatoka: "Bosi, giaboksi hiyo imekwisha. Tutafute nyingine."

Hukumu ya namna hiyo imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa. Mara nyingine ni ya kweli. Kinachonisumbua ni kasi yake: chombo chenye pleti za klachi, gia za sayari, valvu zinazoendeshwa na shinikizo la oili, solenoidi (valvu ndogo za umeme) na sensa kinahukumiwa kifo kwa dakika mbili, na hakuna aliyegusa hata dipstiki, kijiti cha kupimia oili.

Sababu naielewa. Spea za Japani zipo tele. Ukienda Gerezani pale Kariakoo, Kirinyaga Road Nairobi, au Kisekka kule Kampala, giaboksi ya Corolla au Spacio utaipata kabla ya chakula cha mchana. Kushusha na kupandisha giaboksi ni kazi inayoonekana, mteja anailipia bila kuuliza. Kukaa saa mbili na mita mkononi kutafuta waya uliokatika, mteja yuleyule atauliza: "Sasa hapo umefanya nini?"

Kwa hiyo lawama si ya fundi peke yake.

## Sekunde moja na nusu

Ule ucheleweshaji wa asubuhi una kipimo, na kinapatikana kwenye vitabu vya matengenezo vya Toyota. Oili ikiwa imepata joto la nyuzi 50 hadi 80, injini ikiwa kwenye sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), handibreki imevutwa na mguu upo kwenye breki, toa gia N uiweke D. Muda mpaka usikie mshtuko usizidi sekunde 1.2. Kutoka N kwenda R usizidi 1.5. Pima mara tatu, pumzisha dakika moja kati ya kipimo na kipimo, kisha chukua wastani. Saa ya simu inatosha.

Jibu lenyewe linakuelekeza pa kutazama.

Ikichelewa D na R zote mbili, mashaka ya kwanza ni shinikizo: oili pungufu, chujio limeziba, au pampu imechoka. Ikichelewa D tu, klachi ya mbele ndiyo inayovujisha shinikizo. Ikichelewa R tu, kwa giaboksi za ukoo wa A240 (Corolla nyingi za miaka ya 90) na A340 (Mark II, Hilux Surf, Prado), washukiwa ni wawili: klachi ya gia ya juu, ambayo pia hufanya kazi kwenye gia ya tatu na ya nne, na breki ya ndani inayoshikilia gia ya kwanza ukiwa kwenye L.

Hapo unaweza kuwatenganisha bila kufungua nati hata moja. Endesha ukiwa L, kisha achia mafuta. Injini ikilizuia gari vizuri, breki ile ya ndani ni nzima, na shaka linahamia kwenye klachi. Gari likiteleza huru wakati liko L, tatizo liko kwenye breki. Na kama R imekufa pamoja na gia ya tatu, klachi imejitaja yenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo watu hulichanganya. Gia ikichelewa asubuhi tu kisha ikawa sawa kutwa nzima, mara nyingi ni sili za mpira zilizokakamaa, au oili iliyoshuka usiku kutoka kwenye toki konveta, chombo cha oili kinachounganisha injini na giaboksi. Gari la namna hiyo linaweza kutembea muda mrefu. Gia ikiwa nzuri asubuhi lakini ikaanza kuteleza gari likipata moto, hali ni mbaya zaidi: oili imekuwa nyepesi na shinikizo linapotea kwenye sehemu zilizolika. Hilo ndilo gari la kutolisafirisha usiku kwenda mkoani.

## Dipstiki ina masharti yake

Oili ya giaboksi haiungui ikaisha kama ya injini. Ikipungua, imevuja. Hakuna mjadala hapo. Tafuta sili za ekseli kushoto na kulia, gasketi ya sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi), mipira inayokwenda kwenye rejeta, na ile sili ya pampu iliyojificha kati ya injini na giaboksi, ambayo hudondoshea matone chini katikati ya gari na kusingiziwa kuwa sili ya krenki.

Kwa Toyota yenye dipstiki: gari liwe mahali pa tambarare, limetembea kiasi cha kupata moto, injini inaunguruma. Kanyaga breki, pitisha gia kutoka P mpaka L taratibu, rudisha P. Chomoa, futa, rudisha, chomoa tena. Soma kati ya alama za HOT. Mitsubishi nyingi za zamani husomwa zikiwa N. Honda husomwa injini ikiwa imezimwa, mara tu baada ya kuzima. Ukizisoma zote kwa mtindo mmoja utajaza kupita kiasi, na oili iliyozidi hupigwa na gia mpaka ikatoa povu. Povu lina hewa, hewa inabanwa, shinikizo linaanguka, na gari linateleza kana kwamba oili ni pungufu. Fundi akiona inateleza anaongeza nyingine.

Rangi nayo isomwe kwa kiasi. Nyekundu ni mpya. Kahawia ni umri. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni pleti za klachi zilizoanza kuliwa. Rangi ya waridi iliyochanganyika na povu ni maji, na hayo yana sehemu yake huko chini.

## Washukiwa walio nje

Hii ndiyo sehemu inayonitia uchungu zaidi, kwa sababu giaboksi nyingi nzima hushushwa hapa.

Chukua gari "lisiloingia gia ya nne". Mteja anasema barabara kuu mizunguko inabaki juu na mafuta yanaisha haraka. Giaboksi inalaumiwa. Lakini Toyota zenye gia zinazosimamiwa na kompyuta haziruhusu ovadraivu (hiyo gia ya nne) wala kufunga kwa toki konveta, yaani kushikana moja kwa moja na injini, mpaka maji ya injini yapate joto la kutosha. Sasa kumbuka desturi yetu ya kutoa themostati "ili gari lisichemshe". Injini isiyo na themostati, asubuhi ya baridi Njombe au Limuru, inaweza kwenda kilomita nyingi bila kufika joto hilo. Giaboksi inatii amri. Rudisha themostati, kagua sensa ya joto la maji, ndipo uanze kuzungumza habari za gia.

Gari limegoma kabisa kutoka P? Nenda nyuma, mwambie mtu akanyage breki. Taa za breki haziwaki? Fyuzi iliyoandikwa STOP imekatika, au swichi ya pedali ya breki imekufa. Kufuli ya gia inasubiri taarifa kwamba umekanyaga breki, na taarifa haifiki. Karibu na mti wa gia kuna kitundu au kitufe kidogo cha kuifungua kwa dharura. Bei ya fyuzi haifiki hata nauli ya kwenda kununua giaboksi.

Gari linagonga ukiweka D? Angalia mauntini za injini (mipira inayoishikilia) kwanza. Weka mtu akanyage breki, abadilishe D na R, wewe tazama injini ikiinuka. Ikiruka juu kwa kishindo, mpira umekatika. Halafu angalia sailensa. Ikiwa mizunguko 1,100 badala ya 700 hivi, kila gia itaingia kwa teke, na dawa ni kusafisha throtobodi (mlango wa hewa ya injini) na kutafuta mahali panapovuta hewa.

Gari linatetemeka kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, ukiwa umekanyaga mafuta kidogo tu? Hapa hata mafundi wazuri hukosea, kwa kuwa sababu mbili hutoa dalili moja. Huenda ni toki konveta inayofunga vibaya, huenda ni plagi au koili inayokosa moto wakati injini imebebeshwa mzigo. Shikilia mafuta palepale, kisha gusa pedali ya breki kwa mguu wa kushoto, kiasi cha kuwasha taa tu. Kompyuta itafungua toki konveta mara moja na mizunguko itapanda kidogo. Mtetemo ukikatika papo hapo, shaka liko kwenye toki konveta. Ukiendelea, nunua plagi. Wala hili si jaribio kamili, maana injini yenye koili dhaifu hupata nafuu pia mzigo ukipungua. Kwa hiyo mimi hupendelea plagi na koili zikaguliwe kwanza hata kama jaribio limeelekeza kwingine. Ni za bei nafuu, na ipo siku zingekaguliwa tu.

Na kwa magari ya zamani kidogo, yenye kebo inayotoka kwenye throtobodi kwenda kwenye giaboksi: hiyo kebo si ya mapambo. Ndiyo inayoiambia giaboksi umekanyaga mafuta kiasi gani, ili ipandishe shinikizo. Mafuta yakiwa yamekanyagwa mpaka mwisho, nafasi kati ya kizuio kilicho kwenye kebo na ncha ya mpira wake iwe milimita 0 hadi 1. Ikilegea, gia zinaingia mapema na kwa ulaini wa kupendeza. Dereva anafurahi. Kumbe shinikizo ni dogo, pleti zinateleza kidogo kila gia, na zinaungua. Ikikazwa mno, gia zinachelewa na kugonga. Mara ngapi injini imebadilishwa na kebo ikafungwa kwa kukisia?

## Taa ya O/D OFF inapopepesa

O/D ni ovadraivu. Taa ikiwaka bila kupepesa, umebonyeza kitufe cha kuizima. Ikipepesa, kompyuta imehifadhi kosa, na inataka kuulizwa.

Toyota za miaka ya 90 zina kiboksi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Kitufe cha O/D kiwe kimewashwa, funguo iwe ON bila kuwasha injini, kisha unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Taa ikipepesa kwa mfululizo usiokatika, hakuna kosa. Vinginevyo hesabu: mapepeso sita, kimya kifupi, mapepeso mawili, ni 62, yaani solenoidi namba 1. Kosa 63 ni solenoidi namba 2, 64 ni ya kufunga toki konveta, 42 na 61 ni sensa za mwendo. Kwa gari la mwanzo wa miaka ya 2000 lenye soketi ya matundu 16 chini ya usukani, waya huo huunganisha tundu la 4 na la 13. Mashine ya kupimia ni bora zaidi, lakini kukosa mashine si kisingizio cha kubahatisha.

Kodi (namba ya kosa) ya solenoidi haimaanishi solenoidi imekufa. Maana yake ni kwamba umeme wa njia hiyo hauko sawa. Pima kwanza kwenye soketi ya giaboksi: solenoidi za kubadilisha gia kwa Toyota nyingi za aina hii zinatakiwa kuwa na omu 11 hadi 15 zikiwa baridi. Zikisoma sawa hapo, waya umekatika au umeliwa na panya mahali fulani kuelekea kwenye kompyuta. Na kama sensa ya mwendo ndiyo iliyokufa, mara nyingi mshale wa spidi nao umelala. Muulize mteja tu.

Kuna jaribio ninalolipenda kwa A340. Chomoa soketi ya solenoidi, endesha gari mahali pa wazi. D itakupa gia ya nne, 2 itakupa ya tatu, L itakupa ya kwanza. Zote zikipatikana na zikishika vizuri, chuma na pleti ni vizima. Ugonjwa ni wa umeme. Rudisha soketi, futa kodi, mwite fundi umeme.

Lile jaribio la kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja mpaka mwisho, kupima mizunguko inapogota, vitabu vinaliruhusu kwa muda usiozidi sekunde 5. Kwa gari la zamani lenye oili nyeusi, mimi silipendekezi. Linaweza kumalizia kazi iliyokuwa imebaki.

## Eti oili mpya inaua giaboksi ya zamani

Hili ndilo nililoligeuza sana kichwani.

Kila kijiwe cha magari kina mtu mwenye ushahidi: gari lilikuwa zima, likabadilishwa oili ya giaboksi, wiki ya pili gia zikaanza kuteleza. Upande wa pili watengenezaji wa giaboksi wanasema oili inachoka, inapoteza viungo vyake vya kuongoza msuguano, ibadilishwe. Nani mkweli?

Nadhani wote, na tofauti iko kwenye swali ambalo hakuna anayeuliza: ilibadilishwa kwa nini?

Mtu aliyekaa na gari kwa kilomita laki mbili bila kubadilisha oili hiyo haamki siku moja akaikumbuka bila sababu. Anaikumbuka kwa sababu gia zimeanza kuchelewa. Pleti zimekwisha nusu, vumbi lake linaelea ndani ya oili, na vumbi hilo linaongeza msuguano kidogo. Unaimwaga, unaweka oili safi yenye utelezi kama inavyopaswa, na pleti zilizobaki hazina tena cha kushikia. Ugonjwa ulikuwepo. Oili mpya imeufunua.

Halafu kuna namna ya kubadilisha. Mashine inayosukuma oili yote kwa nguvu, ndani ya giaboksi isiyowahi kuguswa, inang'oa utando uliokuwa umetulia na kuupeleka kwenye njia nyembamba za valvu bodi, kile kipande kinachobeba valvu za oili. Valvu moja ikikwama, gia moja imepotea.

Kwa hiyo kama gari linabadilisha gia vizuri na oili ni kahawia bila harufu ya kuungua, ningebadilisha bila kusita, lakini kwa awamu. Kwa U340E na U341E, zilizomo kwenye IST, Spacio, Allion na Premio nyingi za mwanzo wa miaka ya 2000, ukifungua tapu (nati ya chini ya kumwagia oili) hutoka kama lita 3 kati ya lita zinazokaribia 7. Awamu ya kwanza inaacha oili ya zamani asilimia 57. Ya pili inaacha 33. Ya tatu, karibu moja ya tano. Weka kilomita 500 hadi 1,000 kati ya awamu. Pima kilichotoka kwa chupa za lita moja, rudisha kiasi kilekile, ndipo uhakikishe kwa dipstiki.

Kama tayari linateleza na oili ni nyeusi, oili mpya haitaliponya. Unaweza kujaribu ukijua hivyo. Usimlaumu aliyekuuzia oili.

Katika awamu mojawapo shusha sampu. Ndani kuna sumaku. Tope laini la kijivu juu yake ni la kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa macho, au chembe za shaba, si kawaida. Badilisha chujio. Halafu usifunge sampu kwa gundi ya silikoni iliyofurika: inayobanwa kuelekea ndani hukatika, huogelea, na kuishia kwenye chujio jipya. Boliti za sampu hukazwa kidogo sana, nyutoni-mita 7 hivi; fundi mwenye mkono mzito huikunja bati na kuanzisha uvujaji aliokuja kuuzuia.

Na tapu yenyewe ihakikishwe kabla ya kufunguliwa. Kuna magari yanayoingia kubadilisha oili ya injini, fundi kijana akafungua tapu ya giaboksi, kisha akajaza injini. Gari linaondoka na injini yenye oili maradufu na giaboksi iliyokauka nusu. Oili iliyotoka ikiwa nyekundu, simama.

## Maandishi kwenye kopo

"Hii inaingia magari yote." Haipo.

Giaboksi za Toyota za kina A340 zilitengenezewa oili za daraja la Dexron II na III. Zilizofuata zikataka T-IV, na za baadaye WS, ambayo ni nyepesi zaidi. General Motors yenyewe ilisitisha leseni za Dexron III mwishoni mwa 2006, kwa hiyo kopo jipya lenye maandishi hayo leo ni neno la mtengenezaji wa kopo tu. Dipstiki nyingi zimeandikwa aina ya oili. Soma pale. Kama hakuna, fungua mlango wa dereva au boneti utafute kibati chenye neno TRANS. Namba ya giaboksi imeandikwa hapo, na ukiwa na namba unaipata oili.

CVT, giaboksi isiyo na gia za hatua, ni kesi nyingine kabisa. Nissan X-Trail za T31 na Note za E11 zenye CVT zinatumia mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake, NS-2, kazi yake ni kuruhusu chuma kishike chuma bila kuchubuana. Ukiweka oili nyekundu ya kawaida, mkanda unateleza, puli zinachanika mistari, na oili sahihi ikija baadaye inakuta mistari imeshachorwa. T31 ikipandishwa mlima mrefu imejaa watu na mizigo hupunguza nguvu yenyewe ili isiungue. Watu huita hilo ubovu wa CVT. Ni ulinzi, na dawa yake ni kipoza oili cha nje na kupunguza mguu.

Kwa gari la gia nne, pale Kitonga au Mai Mahiu, zima O/D kabla mlima haujaanza. Gari linalobadilisha tatu, nne, tatu, nne njia nzima linapasha oili moto kila mara. Kushuka, weka 2 na uache injini ishike.

## Maji yanakoingilia

Kwa magari mengi, oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta, kwenye bomba lililozama katika maji ya injini. Tukijaza rejeta maji ya kisima yenye chumvi mwaka baada ya mwaka badala ya kulanti, bomba hilo linaliwa. Siku linapotoboka, maji yanaingia kwenye giaboksi na oili inaingia kwenye maji. Kulanti na maji hulegeza gundi inayoshikilia karatasi za msuguano kwenye pleti, nazo huanza kubanduka.

Ukiiona rangi ile ya waridi, zima gari hapohapo. Kuliendesha "mpaka nyumbani tu" ndiko kunakoamua. Rejeta ibadilishwe kwanza, kisha oili imwagwe mara nyingi mpaka itoke safi. Likiwahiwa siku hiyohiyo kuna matumaini. Likiwa limetembea wiki, sina la kukutia moyo.

Waliopita kwenye maji ya Jangwani wakati wa masika nao wachungulie. Giaboksi ina tundu la kupumulia juu yake, na ikizama ikiwa ya moto kisha ikapoa ghafla, huvuta maji kupitia hapo.

Gari likizima njiani usilivute kwa kamba matairi yanayoendesha yakiwa chini. Pampu ya oili inazungushwa na injini. Injini imezimwa, gia zinazunguka kavu. Ndiyo sababu pia gari otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa.

## Ikibidi kweli

Umepima muda, umesoma kodi, vya nje vyote ni vizima, na kwenye sumaku kuna vipande. Sasa twende dukani.

Nenda na namba ya kibatini, si jina la gari. Spacio mbili zinazofanana rangi zinaweza kuwa na U340E na U341E. Chomoa dipstiki ya hiyo unayouziwa, uinuse. Angalia soketi ya waya haijakatwa kwa kisu.

Kosa linaloua giaboksi siku ya kwanza ni toki konveta kutokaa mpaka ndani. Unaisukuma huku unaizungusha, nayo inashuka kwa hatua, shafti moja baada ya nyingine, mpaka meno yaingie kwenye pampu. Giaboksi ikipandishwa, lazima ikutane na injini kwa mkono, uso kwa uso. Kama imebaki nafasi na fundi anaanza kuivuta kwa boliti, mzuie. Hapo anavunja pampu. Ikiisha kukaa, toki konveta izunguke huru na ibaki na milimita chache za kusogea mbele kufuata bati la injini.

Kabla ya hapo, mimina oili kama lita moja ndani ya toki konveta. Badilisha sili ya mbele na za ekseli wakati zinafikika. Hakikisha pini mbili za kuelekezea zipo. Safisha mipira na bomba la rejeta kwa kisafishio na upepo, maana uchafu wa giaboksi iliyokufa umelala humo ukingoja mpya. Kwa Nissan CVT, uliza mapema kama anayefunga ana mashine ya kuiandikia kompyuta data za valvu bodi mpya. Bila hiyo gari linaweza kugoma hata kama chuma ni kizima.

Jaza lita 3 au 4, washa, ongeza taratibu injini ikiunguruma, pitisha gia zote, pima ikipata moto. Liendeshe siku hiyohiyo, mjini na mlimani, kisha pima tena ule muda wa D na R.

Na kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti kwamba dhamana inaanza siku ya kufungwa, siyo siku ya kununua. Giaboksi ikilala gereji wiki nzima ikingoja sili, zile siku chache za dhamana zitakuwa zimeisha ikiwa bado iko sakafuni.